Kupe Wawili, Mfuko Mmoja: Jinsi ya Kuchagua Kati ya Datsun 240Z na Porsche 911

Wenye magari haya huyaita kupe, neno la Kifaransa la gari la milango miwili lenye paa linaloteremka kwa nyuma. Kwetu kupe ni mdudu wa ng'ombe. Nimekuwa nikifungua injini za magari ya aina hii tangu 1986 na sijasikia jina linaloyafaa kuliko hilo: gari limekuganda, linanyonya polepole, na huhisi kitu hadi siku unapokaa kuhesabu risiti.

Mwaka juzi mteja wangu mmoja, daktari wa meno, alinipigia simu usiku. "Fundi, nimepata Datsun 240Z kule Nanyuki na Porsche 911 hapa Nairobi. Pesa inatosha moja tu. Nichukue ipi?" Nikamwambia, "Daktari, mgonjwa akikupigia, unamng'oa jino kwa simu?" Akacheka. Jumamosi tukaenda Nanyuki, Jumapili tukazunguka Nairobi. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwonyesha siku hizo mbili, pamoja na machache niliyojifunza kwa hasara yangu mwenyewe.

Kwanza, kwa nini hizi mbili. Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa. Baba alikuwa fundi, na kila Pasaka redio yake ilipanda juu ya benchi la kazi kwa ajili ya mashindano ya magari ya Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Porsche nayo ilikuwa bibi harusi asiyefika ukumbini: Sobiesław Zasada wa pili 1972, Björn Waldegård wa pili 1974, Vic Preston Jr. wa pili 1978. Porsche haikushinda Safari yenyewe kamwe. Ililipiza kisasi uzeeni, kwenye Safari Classic ya magari ya zamani, Waldegård aliposhinda na 911 mwaka 2011 na Stig Blomqvist 2015.

Historia hiyo ni tamu, lakini kwa mnunuzi ina mtego. Kila Z nyekundu yenye boneti nyeusi utaambiwa ilikimbia Safari, kwa sababu magari ya kiwanda yalipakwa hivyo. Rangi ni ya kopo. Mwenye gari la mashindano la kweli atakutolea karatasi kabla hujaomba.

Jua unatazama gari la mwaka gani

Datsun 240Z ilizinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, na mauzo ya nje yakaanza 1970. Injini ni L24, silinda 6 kwa mstari, ujazo wa sisi (cc) 2393, kabureta mbili. Mwaka 1974 ikaja 260Z yenye sisi 2565, na Marekani wakapata 280Z kuanzia 1975. Wakusanyaji wanataka 240Z, na ndani ya 240Z wanataka za mwanzo kabisa, zile zenye matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Baadaye matundu hayo yalihamishiwa pembeni, kwenye nguzo ya nyuma ya dirisha. Ukiona 260Z yenye viti vinne, paa lake limerefushwa na bei yake ni ya chini. Ni gari zuri la kupeleka watoto ufukweni, si la kuwekea akiba.

Soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. HS30 ni gari lililotengenezwa kwa usukani wa kulia kwa nchi za nje. HLS30 ni la usukani wa kushoto. Ukikuta HLS30 ina usukani kulia, kuna mtu aliukata ukuta ule na kuuhamisha, na hapo bei ishuke au wewe uondoke.

Porsche 911 ni hadithi ndefu zaidi. Ilionyeshwa Frankfurt Septemba 1963 ikiitwa 901. Peugeot wakadai kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yao, ndipo ikawa 911. Injini ni silinda 6 zilizolala, tatu kila upande, zinapozwa kwa hewa, tena ziko nyuma ya ekseli ya nyuma. Ilianza na lita 2.0, ikawa 2.2 kwa magari ya 1970, na 2.4 kwa magari ya 1972. Kuanzia magari ya 1969 kulikuwa na madaraja: T ya chini, E ya kati, S ya juu. Magari ya 1974 yakaja na bampa kubwa za kukidhi sheria za Marekani, na wakusanyaji wengi hupigia mstari hapo. Carrera RS 2.7 ya 1973 siizungumzii. Zilitengenezwa 1,580, na mwenye pesa hizo hanipigii mimi simu.

Kwa hiyo ulinganisho wa haki ni 240Z ya 1970 hadi 1973 na 911T ya miaka hiyohiyo. Mtu atakuambia Z ina nguvu za farasi 151 na 911T 125 au 130, kwa hiyo Z ni kali zaidi. Mwambie apoe. Ile 151 ilipimwa kwa mtindo wa zamani wa Marekani, injini ikiwa imevuliwa vitu vingi vinavyokula nguvu. Wajerumani walipima ikiwa imevaa. Barabarani zinakaribiana, zote zinafika kilomita 200 kwa saa. Kilichozitofautisha ni bei. Mwaka 1970 Z iliuzwa Marekani dola 3,526, na 911T ilikaribia mara mbili ya hapo. Hadi leo pengo limebaki, ingawa Januari 2020 Z moja iliyotembea kidogo sana ilinadiwa kwa dola 310,000 na kuwatia wazimu wauzaji wote duniani. Tangu siku hiyo hata mikweche iliyotagiwa na kuku ina bei ya mnada.

Bati kwanza, injini baadaye

Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka 1994 nilinunua 240Z yangu ya kwanza kwa mtu wa Mombasa. Ilikuwa inang'aa kama sinia la harusi. Nilisikiliza injini, nikakubali, nikalipa. Wiki ya tatu nikainua zulia la upande wa dereva nikakuta sakafu ni debe la mafuta ya kupikia, limenyooshwa kwa nyundo, limepigwa ribiti na kupakwa lami. Jina la mafuta lilisomeka vizuri kabisa. Nilikuwa nimenunua rangi na debe.

Basi chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa ili isikwaruze, na uitembeze mwili mzima wa gari. Ikidondoka, chini yake kuna puti, si bati. Kwenye Z itembeze zaidi sehemu ya chini ya madigadi ya mbele nyuma ya gurudumu, vizingiti vya milango, na ile pembe mbele ya gurudumu la nyuma mlango unapoishia. Kisha weka sumaku mfukoni, lala chini na tochi. Sakafu ya Z ina mihimili miwili myembamba inayotoka mbele kwenda nyuma. Iguse yote kwa kidole, bonyeza. Bati zima halibonyei. Angalia chini ya betri, kwa sababu asidi imekuwa ikidondoka hapo kwa miaka 50. Inua zulia la nyuma, toa tairi la akiba, tazama shimo lake. Mwisho mwaga maji kidogo kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele na usubiri: yakitokea kwenye viatu vya abiria, kutu iko mahali ambapo kuitengeneza ni kulibomoa gari.

Uliza gari limeishi wapi. Hili sichoki kulisema. Chumvi ya pwani yetu inakula chuma hata gari likiwa limeegeshwa. Gari la Nanyuki, la Nakuru au la Dodoma lenye rangi iliyokufa ni bora kuliko la Nyali linalometameta.

Porsche za kabla ya magari ya 1976, ambayo bodi yao ilipakwa zinki kiwandani, zinaoza sawa na Datsun. Jina la Ujerumani halizuii kutu. Fungua boneti ya mbele, ambayo ndiyo buti, uinue zulia: tazama sehemu linapokaa tangi la mafuta na pembe za mbele zinapokaa betri. Fungua milango utazame pale kitasa kinapojifungia na chini yake. Halafu ingia uvunguni ukatazame sehemu muhimu kuliko zote. Gari hili halibebwi na springi za kuzunguka, bali na fimbo za chuma zinazojisokota, tosheni baa. Za nyuma zimo ndani ya bomba nene linalokatiza upana wa gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Bomba hilo na vizingiti vilivyoungana nalo vikioza, uti wa mgongo umevunjika. Vipande vipya vinapatikana, karibu vyote, lakini bei ya kipande kimoja pamoja na mchomeleaji anayejua kupanga vipimo inaweza kununua boda boda na chenji ikabaki.

Injini: moja mkate, nyingine halua

Injini ya Datsun haitakuua. L24 ni injini ya Datsun 1600 iliyoongezwa silinda mbili: upana wa silinda ni uleule milimita 83, mwendo wa pistoni uleule 73.7. Herrmann alishinda Safari ya 1970 kwa hiyo 1600 SSS, na mafundi wa huku walizifungua mamia. Mimi nililelewa nazo. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda; zote 6 zikaribiane, hiyo ndiyo habari. Vali hurekebishwa injini ikiwa baridi, milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa, asubuhi moja imekwisha. Kabureta mbili husawazishwa kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza mluzi hadi zilingane. Vijana wangu wananicheka, kisha wananiita niwasikilizie.

Kitu cha kuchunga ni injini iliyobadilishwa. Nyingi zilivishwa injini ya 280Z, ambayo ni kubwa na tamu kuendesha, na kwa mtu wa kuendesha naipendekeza. Kwa mkusanyaji ni hasara. Namba imegongwa kwenye bloku upande wa plagi, nyuma karibu na silinda ya 6. Ilinganishe na kibati kilicho ndani ya chumba cha injini.

Porsche ni habari nyingine, na hapa chukua muda. Kwanza oili. Injini hii ina tangi lake la oili pembeni, inabeba lita 9 hivi, na kipimo husomwa injini ikiwa ya moto, inanguruma, gari liko tambarare. Ukipima asubuhi ikiwa baridi, kijiti kitakuambia hakuna kitu, utaongeza lita tatu, na jioni moshi utafunika mtaa. Nimeliona hilo likifanywa na fundi mwenye vyeti. Magari ya 1972 yana balaa lake peke yake: mdomo wa oili uliwekwa nje, nyuma ya mlango wa kulia, wahudumu wa vituo wakawa wanatia petroli humo. Mwaka uliofuata kiwanda kikaurudisha ndani. Leo kifuniko hicho kinapendwa na wakusanyaji, kama kovu la mtu maarufu.

Ukiiwasha baada ya kulala siku nyingi itatoa moshi wa buluu. Usikimbie, silinda zimelala na oili hujikusanya humo. Moshi usipoisha baada ya dakika chache, hapo kimbia. Sikiliza pande zote mbili za nyuma: sauti ya cheni inayogonga ni kikazacheni kilichochoka, na kikikatika, vali na pistoni hukutana. Wamiliki wengi wameweka vikazacheni vinavyosukumwa na oili, vya magari ya 1984 kuendelea, nami humpa alama mwenye kufanya hivyo hata kama si vya asili. Ukishawishiwa na 911 ya 1974 hadi 1977 kwa kuwa ni rahisi, jua injini yake ya 2.7 ina mwili wa magnesiamu na stadi, zile bolti ndefu zinazobana silinda, huchomoka kwa joto. Ukitaka ya bei nafuu ya kuendesha kila wiki, nenda moja kwa moja kwenye 911 SC ya 1978 na kuendelea, yenye bodi ya zinki na injini ya alumini.

Kompresheni peke yake haitoshi kwa Porsche. Lipa mtu mwenye kifaa cha kupima uvujaji, asukume upepo wa kompresa ndani ya kila silinda na asome unapotea kiasi gani. Muuzaji akikataa hilo, amekujibu.

T zisizo za soko la Marekani kwa kawaida zina kabureta za Zenith, na fundi yeyote makini atazielewa. E na S zina pampu ya Bosch ya kusukuma mafuta kwa mitambo, kitu cha ajabu na kizuri, ila wanaoweza kuirekebisha hapa Afrika Mashariki wote wangeenea kwenye meza moja ya kahawa.

Karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Porsche za miaka hii methali hiyo ni nusu ya bei. Namba ya chasisi ya 1970 hadi 1973 ina tarakimu 10 na inasomeka kama barua. Inaanza 911. Tarakimu ya nne ni mwaka: 0 ni 1970, 3 ni 1973. Ya tano ni daraja: 1 ni T, 2 ni E, 3 ni S. Ya sita ni bodi, na 1 hapo ni Targa, ile ya paa la kutoa. Kwa hiyo gari lenye nembo ya 911S lakini namba inayoanza 91121 ni T ya 1972 iliyovaa suti ya kuazima. Itafute kwenye buti la mbele, chini ya zulia, karibu na tangi. Namba ya injini iko kwenye nguzo ya chuma inayoshika feni, upande wa kulia wa feni. Kisha andikia Porsche wenyewe: kwa malipo hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitoka kiwandani na nini.

Datsun haina urithi wa karatasi kama huo, kwa hiyo hapo utategemea logibuku (hati ya umiliki wa gari), risiti za zamani na picha. Logibuku ilingane na chasisi herufi kwa herufi. Na ukishawishika kuleta gari kutoka nje, kumbuka kwamba Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Muulize wakala wa forodha kabla hujatuma hata dola moja ya amana.

Endesha

Z endesha ukiwa umefungua dirisha nusu. Harufu ya ekzosi ikiingia, mpira wa mlango wa nyuma umekufa. Ni kasoro inayojulikana, bei yake ndogo, lakini inaumiza kichwa. Usukani ukitetemeka kwenye kilomita 90, anza kushuku bushi na rimu kabla ya mengine.

Porsche endesha kwa adabu. Uzito uko nyuma. Ukiingia kona kwa kasi, ukaogopa, ukaachia mafuta ghafla, matako ya gari yatataka kutangulia pua. Kiwanda kiliurefusha umbali kati ya magurudumu ya mbele na nyuma kutoka milimita 2211 hadi 2268 kwa magari ya 1969 kwa sababu hiyo, na tabia ikapungua bila kuisha. Punguza mwendo kabla ya kona, kanyaga mafuta ukiwa ndani yake.

Sasa daktari. Z ya Nanyuki ilikuwa na rangi ya chungwa iliyopauka, HS30, sakafu nzima ya kiwandani, injini inayokula oili. Mwenyewe, mzee wa shamba, hakutaka hata kutuuzia sana. Alitupa chai kwanza. 911 ya Nairobi ilikuwa ya fedha, viti vipya vya ngozi, na dalali alishanipigia mara nne kabla hatujafika. Chema chajiuza. Namba ilisema T ya 1973, nembo ilisema S, na bomba la tosheni baa lilikuwa na kiraka cha ukubwa wa kiganja changu. Dalali hakuruhusu kupimwa kwa silinda, akasema itaharibu plagi.

Kanuni yangu kwa mtu wa mfuko mmoja ni hii: pesa inayotosha Z nzuri sana au 911 mbovu, nunua Z. Injini ya Z nitaifungua mwenyewe kwa wiki mbili. 911 ichukuliwe na mwenye pesa ya gari na nusu nyingine ya bei hiyo pembeni, haijaguswa.

Daktari alichukua Z. Tulibadilisha ringi na gasketi, rangi akaiacha vilevile ilivyopauka, na Septemba iliyofuata akaipeleka kwenye maonyesho ya magari Ngong Racecourse akiwa amevaa kofia ya baba yake. Wiki iliyopita alinipigia tena usiku. Ile 911 ya fedha bado haijauzwa, dalali ameshusha bei. Nimemwambia amuulize kama sasa plagi zinafunguka.